Makofi ya Lukafu

Lubumbashi, Jumapili mchana

Mume wangu mpenzi, Baba Sabina,

Nakusalimu kwa hamu ya mtu ambaye miezi yote hii hajasikia kikohozi chako mlangoni. Kifua kimetulia? Na Sabina, bado anakataa uji wa ulezi mpaka umbembeleze? Mimi mwili ni mzima, ninakula, homa sina. Roho ndiyo haijatulia, na nitakueleza kwa nini, ila kaa kwanza. Usisome umesimama shambani kama ulivyozoea.

Barua hii haipiti posta. Anayeileta ni dereva wa lori la chumvi anayerudi Mpulungu, na kutoka hapo ataipokea mtu wa boti ya Kasanga. Nimeandika bila kuficha kitu, kwa hiyo ukimaliza ichome, hata kama utaona huruma.

Unajua kilichonileta huku. Wakubwa wa nchi zetu tatu, yetu, Zambia na hii Zaire, kila siku wanasema wanataka kufunguliana mipaka tuuziane vitu kama ndugu. Wafadhili wa Ulaya wakaona kuwa mawaziri peke yao hawataiweza kazi hiyo, wakataka vikundi vya wakulima vijuane na vipeane mbegu. Ndipo wakanichukua niwe mkalimani wao, kwa Kifaransa changu cha masista na Kiingereza cha kuombea maji. Kiswahili changu, watu wa huku wanasema, ni cha redioni. Mimi nacheka chao, wao wanacheka changu, tumeelewana.

Sasa, pale Lukafu, mwendo wa karibu siku nzima kwa lori kutoka mjini, kuna kikundi cha wanawake wa mahindi na maharage. Wafadhili walikubali kuwapa mashine ya kusaga. Wanawake wale wanatwanga kwa kinu kila siku ya Mungu, na viganja vyao ukivishika ni kama magome. Sharti la wafadhili lilikuwa moja tu, kiongozi wamchague wenyewe, asiwe wa serikali wala wa chama. Huko Ulaya sharti hilo ni jepesi. Hapa kila mtu ni wa chama tangu tumboni mwa mama yake, na wote wanaitana citoyen na citoyenne, yaani mwananchi. Najua utasema na sisi tuna chama kimoja. Kweli, lakini je, wewe unacheza ngoma ya chama kila asubuhi kabla ya kushika jembe?

Aliyeanzisha kikundi ni Mama Monga, mjane, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Kila mtu alijua kwamba yeye ndiye atakayechaguliwa. Kila mtu isipokuwa Komisere, mkubwa wa serikali wa sehemu ile. Yeye alitaka mashine ikae mikononi mwa mke wake.

Jumatano tukakutana katika darasa la shule ya parokia. Alikuwepo Madamu Ingrid, mjumbe wa wafadhili, nami nimekaa ubavuni mwake kumtafsiria. Komisere alifika na mkewe, aliyevaa kitenge kipya chenye picha ya mkubwa wa nchi kifuani. Hotuba zikaisha, Madamu akasema kwa furaha, "Sasa akina mama wachague." Nikatafsiri. Kabla hata sijafunga mdomo, Komisere akasimama.

"Banamama! Mukubwa wenu njo citoyenne huyu, bibi yangu. Makofi!"

Na wakapiga makofi.

Usiwacheke, Baba Sabina. Huku miaka yote uchaguzi unakwenda hivyo. Jina linatajwa, watu wanapiga makofi, basi. Asiyepiga anaonekana. Mikono imezoea hata kichwa hakiulizwi. Mama Monga mwenyewe alipiga, nilimwona kwa macho yangu, halafu akashtuka, mikono ikabaki hewani. Darasa zima likawa linatazamana kwa aibu. Madamu akanigeukia, anatabasamu: "Wote wamekubali?"

Nikageuka kumtazama Mama Monga.

Mama Monga akasimama. "Citoyen Komisere, makofi tulipiga. Ile ni salamu ya bibi yako. Kuchagua bado."

"Weye mama! Mu inchi hii makofi njo kuchagua."

"Mambo ya chama, ndiyo. Mambo ya mahindi, hapana. Ku mahindi tunasimamaka mustari."

Ni kweli. Wakati wa kugawana mbegu, wanawake wale kila mmoja husimama nyuma ya yule anayemwamini ampimie. Hakuna anayesema neno, miguu ndiyo inasema. Nilimtafsiria Madamu yote, neno kwa neno, na Komisere, ambaye Kifaransa anakijua kuliko mimi, alikuwa ananitazama mdomoni.

Wa kwanza kuinuka alikuwa bibi kizee mwenye fimbo, akaenda kusimama nyuma ya Mama Monga. Wakafuata wawili, wakafuata wengine, mpaka mstari ukatoka mlangoni. Mke wa Komisere alibaki peke yake chini ya ubao, na nyuma yake hakuna mtu. Nilimwonea huruma kweli. Akatazama mstari ule, akamtazama mumewe, kisha akatembea pole pole akaenda kusimama mwisho kabisa, nyuma ya wengine wote.

"Na miye niko na shamba," akasema.

Komisere alicheka kwa sauti kubwa. Hakuna aliyecheka naye.

Madamu aliondoka kesho yake kwenda Lusaka, ameridhika, nami akaniacha hapa mjini. Ijumaa asubuhi wakaja kumchukua Mama Monga, wakamleta hapa mjini, eti kuulizwa maswali. Kosa lake ni kutukana chama. Wenzake wachache walipanda lori la mahindi wakamfuata, na sasa wanalala chumbani kwangu hapa Makomeno, sakafuni, mimi na wao tunagombania blanketi moja. Wanampelekea chakula kwenye geti la mahabusu alikowekwa. Bakuli likirudi tupu, tunashukuru.

Jana Komisere, aliyekuja mjini pamoja na mfungwa wake, akaniita. Alinikaribisha kiti, akaniagizia soda, akanipa pole ya joto. Kibali changu cha kukaa nchini kilikuwa mezani mbele yake.

"Weye ni mugeni, Mama Tekla. Siombi useme mambo ya kutunga. Bamama balipiga makofi, ao habakupiga?"

"Walipiga."

"Voilà. Kesho kutwa bakubwa bangu batakuuliza. Useme paka ile, ile tu. Makofi. Mustari, sahau. Mashine itafika, Mama Monga atarudi kwake, na weye nitakupigia stampu uende kuona mutoto yako."

"Na nikisema mstari?"

Akafungia kibali kwenye saraka, taratibu. "Mupaka iko karibu, mama. Mais prison, gereza yetu, iko karibu zaidi."

Ndio ubaya wake, hakuniomba niseme uongo. Aliniomba nusu ya ukweli, na nusu ile ni ya kweli kabisa. Nikisema makofi peke yake, Madamu na wenzake wataandikiwa, kwa ushahidi wangu mimi mkalimani wao, kwamba mke wa Komisere alichaguliwa kwa makofi na ule mstari ulikuwa vurugu tu, na hakuna mwanamke wa Lukafu atakayethubutu kubisha tena. Nilihesabu usiku kucha faida yake. Mama Monga nje. Mashine ipo, hata kama ni ya bwana yule. Mimi nyumbani kwako. Nakwambia kweli, nilikaribia kukubali, na nilijichukia.

Leo baada ya misa wanawake wamerudi kutoka getini. Wamepata nafasi ya kusema naye kidogo, na Mama Monga ametuma neno kwangu. "Mumwambie mukalimani aseme yote. Kama mashine ni ya Komisere, abaki nayo. Kutwanga najua."

Nimelia, halafu nimefua gauni langu la bluu la kuvaa kesho.

Nilikuahidi siku ile ya kuagana kwamba nikiona hatari tu nitakimbia, hata viatu niviache. Lori la chumvi lina nafasi mbele, pembeni mwa dereva. Ameniambia mwenyewe, na amesubiri tangu asubuhi nikiandika. Ningeweza kufika kabla ya barua hii. Nisamehe. Nimevunja ahadi yetu nikiwa na akili zangu timamu, na ninaogopa. Kesho nitasema makofi, nitasema na mstari, na yule aliyesimama mwisho nitamtaja pia.

Msalimie mama mkwe, mwambie dawa yake ya mgongo nimemnunulia na iko ndani ya furushi nililompa dereva. Msalimie mdogo wangu anayesomea ualimu, asome, asifikirie harusi kwanza. Katekista umwombe atukumbuke, Mama Monga zaidi yangu. Sabina mbusu kwenye paji la uso, umwambie mama bado ana kazi, usimwambie kazi gani.

Nakujua, kabla hujaikunja karatasi hii utakuwa umeanza kuulizia boti. Usije. Leo Komisere ana kibali changu na ana mwili wangu akitaka kuufunga, zaidi ya hapo hana kitu. Ukifika wewe, atakuwa na cha kunifanya nisahau ule mstari. Nakuomba, mume wangu, kaa huko huko ili niweze kusema.

Wako,
Tekla, Mama Sabina