Ghala Lililojengwa Kama Lilivyoombwa

Mjukuu wangu Tatu,

Hapa Bungu hatujambo. Shangazi yako amejifungua salama, mtoto wa kike.

Umeuliza uwaandikie nini mafundi wa kompyuta ili mfumo wa zahanati yenu uwafae wauguzi. Nikujibu kwa kisa cha hapa kwetu. Miaka ile wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua mpunga, kamati ya kijiji iliomba kujengewa ghala la kuuhifadhia "imara, karibu na nyumba zetu." Likajengwa hivyo hivyo, kando ya barabara. Lakini wakati wa mavuno sote tulikuwa tukihamia ng'ambo ya mto, kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo vya kulindia mpunga usiliwe na nguruwe.

Dada yangu Zena alicheka alipoliona. "Kaka, mavuno yakifika, huku atabaki nani? Panya?"

Mpunga wake ulikaa chini ya dungu ukisubiri mtumbwi wa kuuvusha hadi ghalani. Mto ukafurika, ukauzoa wote. Mwaka ule alikula muhogo wa kupewa.

Fundi hakukosea, alijenga kilichoandikwa. Zena angeulizwa mapema, angesema.

Wauguzi wenu umewauliza wanakuwa wapi mgonjwa anapofika?

Ghala lile bado ni imara. Zena alifariki bila kuweka humo hata gunia moja.

Babu yako