Ipe Picha Mgongo

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi na hasira zangu zote, mkoba nimeutupa kitandani. Wiki nzima iliyopita nimefundisha moyo. Vyumba vinne, vali, mishipa, damu inaingilia huku inatokea kule. Nimechora ubaoni mpaka nywele zimejaa chaki. Leo nauliza kaswali kamoja tu: damu ikirudi kutoka mwilini, inafikia chumba gani? Watu wazima kumi na wawili, wanasomea usaidizi wa wauguzi, wananitazama utadhani nimewaomba figo.

Anayeniumiza roho ni Shangazi. Ndiye mkubwa darasani, ana wajukuu, ndiyo maana wote tunamwita hivyo. Mikono anayo — akimgeuza mgonjwa kitandani, mgonjwa hata haamki. Lakini mtihani wa nadharia ameshafeli mara mbili. Ijumaa ya wiki ijayo ni mara ya tatu, na ya mwisho. Akifeli tena, chuo ndiyo basi. Ameniambia kwa sauti ya chini kwamba akisoma anaelewa, akifunga kitabu tu, yote yanayeyuka.

Jumatano, 5 Machi

Liwalo na liwe! Nimechora moyo uwanjani, nyuma ya jengo, mkubwa wa kuingia watu. Mapafu yako karibu na tangi la maji. Mwili ni pale getini. Vifuniko vya chupa vya bluu ni damu isiyo na oksijeni, vyekundu ni yenye oksijeni. Mtu anabadilisha kifuniko akifika mapafuni. Wawili nimewasimamisha wawe vali: mtu apite kwenda mbele, asirudi nyuma.

Manung'uniko, usiseme. Shangazi alikunja mikono — yeye na umri huu acheze kombolela? Wajukuu wakimwona, uso auweke wapi? Nikamwambia basi awe moyo wenyewe, apige makofi tu. Du-dum, du-dum. Akakubali shingo upande. Haikupita muda, anawafokea wenzake! "Wewe! Umefika mapafuni, unatoka bado na kifuniko cha bluu? Ulikwenda kutalii?" Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Mkuu wa chuo alikuwa anachungulia dirishani. Akaniita. Hiki ni chuo, mwalimu, si chekechea. Nikamsihi anivumilie mpaka mtihani. Amekubali, ila wakifeli, mchezo ule ndio utakaobeba lawama, na mimi pamoja nao. Haya.

Nyumbani Mama anatafuta vifuniko vya chupa zake. Nimejifanya sisikii.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Moyo niliuchora kama ulivyo kitabuni. Kitabuni mgonjwa anakutazama, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwako. Sasa hawa wanatembea ndani yake! Jana yote watu wangu wameingilia upande wa kushoto huku wakiimba "kulia, kulia", na mimi napiga makofi. Aliyeshtuka ni Shangazi. Alisimama katikati ya chaki, mkono kifuani. "Mwalimu, huu moyo wa nani? Kama ni wangu, mbona kulia kwangu umekuhamisha?"

Nilitamani ardhi inimeze. Halafu nikaanza kucheka, wakacheka wote, na aliyeleta dawa ni Shangazi mwenyewe: ukikutana na picha ya moyo, ipe mgongo. Tazama inakotazama. Hapo kulia kwake na kulia kwako ni kumoja. Tumefanya mchana kutwa. Mimi naita "Picha!", wao wanageuka kwa mpigo mmoja, gwaride kabisa. Jioni nimeuliza lile kaswali la Jumatatu. Wamejibu wote! Shangazi amejibu wa kwanza, tena amefumba macho. Nimetembea mpaka nyumbani nikiimba.

Jumapili, 9 Machi

Mama amegundua. "Yaani nimekulea, nikakusomesha, umekuwa mwizi wa vifuniko?" Ikabidi nimwoneshe. Meza ikawa moyo, friji mapafu, mlango mwili. Alizunguka jikoni na kifuniko chake akininanga njia nzima. Baada ya chakula nikapita mbele ya friji bila kusimama. Nikasikia nyuma yangu, "Mapafu umeyaruka, mwanangu." Mama yangu huyu!

Ijumaa, 14 Machi

Sijui nicheke au nilie.

Msimamizi wa mtihani aliletwa kutoka nje ya chuo, yeye hatujui wala sisi hatumjui. Swali la tatu likawa picha ya moyo: taja vyumba vyake. Shangazi akainuka kitini, akaipa karatasi yake mgongo. Wengine wakafuata. Darasa zima! Wa mbele wanawatazama wa nyuma, wa nyuma wanatazama ukuta, na midomo yote inakwenda du-dum, du-dum. Msimamizi akapiga kelele kwamba wanaibia. Karatasi zikakusanywa hata hawajafika nusu.

Nani aliwafundisha? Mimi! Kwa nini sikuwaambia kwamba kwenye mtihani mtu anageuka kichwani mwake tu?

Shangazi alitoka na kalamu yake mkononi. "Nilikuwa nalijua, mwalimu. Lile swali nilikuwa nalijua!" Nikamkumbatia, nikalia mimi kuliko yeye.

Mkuu hakunigombeza, na hilo limenitisha zaidi. Amepiga simu kutwa. Jibu limekuja jioni: Jumatatu watahojiwa mmoja mmoja mbele ya mtahini. Atakayeshindwa kujibu, amefeli na jina la mwizi juu. Wa kwanza kuingia ni aliyekuwa wa kwanza kusimama.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika nikiwa benchini, nje ya ofisi ya mkuu. Mimi siruhusiwi kuingia. Asubuhi Mama amenitia mfukoni kifuniko chekundu, eti cha kunipa pumzi. Wanafunzi nao wote wamekuja na vya kwao.

Shangazi ameingia. Sare imenyooka, viatu vinang'aa. Dirisha liko wazi, nasikia kila kitu. Mtahini, mama mmoja wa miwani, amemwonesha picha ya moyo ukutani. Aeleze safari ya damu.

Shangazi anakohoa.

Anakohoa tena. Shangazi, sema basi!

Viatu vinasugua sakafu. Amegeuka! Ameipa picha mgongo. Makofi — du-dum, du-dum. Chumba cha juu kulia, cha chini kulia... sawa! Sawa kabisa! Mtahini anamkatiza, anauliza kwa nini amegeuka. Na Shangazi, kwa sauti ileile ya uwanjani: "Simama basi, mama, maneno matupu hayaingii. Na wewe mkuu, usikae tu, shika hiki."

Viti vinasogezwa. Viti, si kiti!

Nimeshindwa kujizuia, nimesimama nichungulie. Mtahini ametanua mikono, yeye ni vali. Mkuu wa chuo, na tai yake, anazunguka meza na kifuniko cha bluu. Amejaribu kurudi alikotoka, mtahini amemzuia kwa kiwiko! Shangazi anamwonesha kidole: "Mapafuni kwanza, mkuu. Mapafu ni pale dirishani."

Dirisha lenyewe ni hili langu. Anakuja. Amenyoosha mkono wenye cha bluu, na mimi natafuta mfukoni —