Maji ya Mwisho

Ijumaa, 5 Septemba
Nimeadhini alfajiri, nikashuka mtoni moja kwa moja. Vitunguu vimeanza kulaza shingo. Sasa ni kufunga maji, viive, vikauke. Mwaka huu kikundi hatuuzi lumbesa. Yale magunia ya kushonewa kilemba juu yametunyonya vya kutosha, na mimi ndiye niliyelisema hilo mkutanoni kwa sauti kubwa. Tumepata mizani. Kila mtu atapima vyake bandani, alipwe kwa kilo zake, kisha vyote vinamwagwa lundo moja, mnunuzi wa Singida mjini anabeba. Ufunguo wa banda wamenipa mimi. Alhamdulillahi.

Jumatatu, 8 Septemba
Wazo limenijia nikiwa kwenye swala. Sijui kwa nini lilinijia humo. Gunia halijali maji. Mizani inajali.
Nimewasha pampu. Mke wangu kauliza, "Baba Ramla, si vimeshalala hivyo?" Nikamwambia ardhi ngumu, nalainisha ving'oke vizuri. Akanitazama tu.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimemwagilia tena. Vimenona, vinang'aa. Najua ninachofanya. Astaghfirullah.

Jumatatu, 15 Septemba
Tumepima. Vyangu vizito kuliko vya wote. Shingo zilikuwa bado mbichi, nikazikata fupi zisionekane. Akina mama wakapiga vigelegele. Mwenyekiti wetu, Mzee Petro, akasema, "Muadhini, wewe unalima au unaroga?" Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Vikamwagwa kwenye lundo, juu ya vya wenzangu. Wakaniomba nisome dua. Nikasoma.

Jumamosi, 20 Septemba
Banda linanuka.
Mzee Petro kaingiza mkono lundoni, kautoa unachuruzika. Uozo umeshapita mpaka kwa vitunguu vya watu. Wote wakamgeukia Neema. Shamba lake linapakana na langu, bondeni kabisa maji yanakotuama, na huu ni msimu wake wa kwanza tangu aachike arudi kwao na watoto. Mama mmoja akamwambia, "Bwawa lile! Umetuletea vyura humu, siyo vitunguu." Neema hakulia. Alisema, "Mimi maji nilifunga mapema, wazazi wangu. Muulizeni baba muadhini, tunapakana."
Macho yote kwangu.
Nikasema, "Mungu ndiye ajuaye."
Jina Lake nimelifanya shuka la kujifunika. Sijalala usingizi wa maana.

Jumatatu, 22 Septemba
Mnunuzi kafika, kanusa mlangoni tu. Lori limegeuka tupu. Alhamisi kikundi kinakaa kumtoa Neema. Akitolewa atauza peke yake barabarani, lumbesa ileile, na madalali hawana huruma na mwanamke aliye peke yake.
Nimekutana naye njia ya mtoni, ndoo kichwani. "Shikamoo, baba." Kakunja na goti kidogo, kama siku zote. Marahaba ilinishinda. Nikakohoa.

Jumatano, 24 Septemba
Sauti imekatika katikati ya adhana. Watu wanadhani mafua. Mke wangu kaniletea chai ya tangawizi, kaweka kikombe, kasema, "Hayo si mafua." Basi. Anajua. Naona aibu hata kula chakula chake.

Alhamisi, 25 Septemba
Nimesema.
Walitaka nifungue kikao kwa dua. Nikasimama, nikasema yote kabla ya dua. Pampu. Shingo nilizozikata. Na lile jibu nililowapa kuhusu Neema. Hilo ndilo lililokuwa gumu kutoka, mengine yalitoka yenyewe. Mzee Petro akasema polepole, "Kumbe siku ile tulikuwa tunapima mto." Hakuna aliyecheka.
Ufunguo nimerudisha. Wameamua lundo nilichambue mimi, vilivyopona viuzwe, mimi nisiwe na fungu. Ni haki. Neema kabaki kwenye kikundi. Hakunitazama hata mara moja. Nilidhani nikishasema nitakuwa mwepesi. Bado.

Ijumaa, 26 Septemba
Leo kaadhini Saidi badala yangu. Nilimwomba mwenyewe. Nimeswali safu ya nyuma, karibu na viatu.
Kisha bandani. Vyangu vinapasukia mkononi. Vya Neema nimevitambua: vidogo, vikavu, shingo zimefunga, ukivigonganisha vinalia. Karibu vyote vizima. Katikati ya ule uozo wangu, vizima.
Jua lilipopanda akaja na beseni lake. Hakuna aliyemtuma. Akakaa upande wa pili wa lundo, akaanza kuchambua. Hakuniamkia. Kwa umri wangu huu, hakuna kijana wa kijiji hiki aliyewahi kunipita bila shikamoo.
Nikamsalimia mimi kwanza. Habari za asubuhi, Neema.
Akaokota kitunguu, akakigeuza, akakibonyeza shingoni, akakiweka kwenye vizima.
"Nzuri."
Tukaendelea kuchambua.