Kalenda ya Phakamile

Mdantsane, Jumapili

Kwako Dada Bulelwa,

Salamu zikufikie hapo Rustenburg, wewe, shemeji na watoto. Natumaini kikohozi cha mdogo kimepoa. Huku tunapumua, ila sitakuficha, tangu Jumatatu naishi na woga. Kwenye simu nimejaribu mara mbili, nikakata kabla hujapokea. Ndiyo maana nampa dereva wa basi barua hii.

Kaka yetu Phakamile bado yuko wodini. Figo zote mbili zimekufa. Wanamsafisha damu kwa mashine, lakini hiyo ni ya dharura tu, mwisho Ijumaa. Nafasi ya kudumu ni moja, na wagonjwa wanaoingojea ni wanne. Hospitali za binafsi tusizitaje, hata tungeuza nyumba. Alhamisi kamati ya madaktari itakaa na kuchagua. Wanaangalia umri, moyo, na kama mtu alijitunza. Asiyechaguliwa anarudishwa nyumbani, na unajua anarudishwa kufanya nini.

Mzee Gcobani, jirani yetu yule askari jela mstaafu, aliniambia kwenye uzio kwamba mashine zile zimenunuliwa kwa kodi za watu, na serikali si mama wa mtu. Aliyeuchezea mwili wake asije kulia mlangoni pa wengine. Zamani ningemuunga mkono. Safari hii nilijifanya naanua nguo, nikamwacha anaongea peke yake.

Kosa analohesabiwa Phakamile ni miezi mitatu ya mwaka jana ambayo hakunywa dawa za presha. Unaikumbuka ile kalenda ya chama cha mazishi jikoni, anayotia alama kila akimeza kidonge, nawe unamcheka kwamba anajifanya karani. Miezi hiyo mitatu ameandika kila wiki: kliniki hawana. Alinituma niilete wodini iwe ushahidi wake. Nikampelekea.

Jumatatu akaja Bi Lungiswa, ofisa wa ustawi wa jamii, na daftari la kliniki. Akamwambia kwa upole kwamba dawa zilikuwepo miezi yote mitatu, ni kadi yake tu ambayo haikuletwa. Phakamile akanitazama. Dada, afadhali angenitukana. Kisha akacheka kidogo, akasema haya, amekamatwa, kliniki alikuwa haendi, alikuwa anaishia kwenye pombe, na kalenda aliijaza ili mimi nisimgombeze. Bi Lungiswa akaandika yote. Halafu akaniuliza kama nitamsimamia dawa, maana lazima awepo mtu wa nyumbani anayeaminika, na kaka ndiye aliyenitaja. Nikatia sahihi.

Phakamile hajaonja pombe tangu tumzike mama. Kadi ilikuwa kwangu. Yeye alikuwa kwenye ujenzi, mimi ndiye niliyekuwa nampangia foleni ya kliniki tangu alfajiri. Nilipopata kazi kiwandani, msimamizi alisema atakayechelewa asirudi. Mwezi wa kwanza nikamwambia kaka kwamba dawa zimeisha, kwa kuwa mara nyingi huisha kweli. Mwezi wa pili uongo ulikuja wenyewe. Aliniamini, akaandika.

Nikinyamaza, kamati itamhesabu mlevi na mwongo. Nikisema, jina lake litasafika lakini atakosa msimamizi, kwani nani atamkabidhi mtu kama mimi vidonge vya mgonjwa? Nakuomba upande basi, ufike Jumatano, ukae naye walau miezi ya mwanzo. Tutakwenda pamoja kwa Bi Lungiswa, niseme yangu, jina langu lifutwe na lako liandikwe. Ninaogopa, lakini nitasema hata usipofika.

Jana nilikwenda kumwomba Phakamile radhi. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza kama kazi bado ninayo. Nikasema ninayo. Akasema, basi angalau hiyo imepona.

Msalimie shemeji, na umbusu mdogo kwa niaba ya mama yake mdogo huyu asiyestahili. Njoo na kitambulisho, bila hicho hawaandiki mtu.

Ni mimi mdogo wako,
Nontsikelelo