Vestina, Uliyekiacha Kilele cha Barafu

Vestina, mwanetu, mwaka umezunguka tangu homa ile ya ghafla ikutoe mikononi mwetu. Hapa Katumba bado tunakutaja kila siku.

Ulikulia kwenye tumbaku, ukichochea moto wa bani, banda la kukaushia majani yake, huku umepakata kitabu. Ukasomea miamba mpaka ukawa mtaalamu, na hukubadilika. Likizo ulikuja na sukari ya mama, ukajifunga kanga, ukashika jembe. Wadogo zako uliwasomesha bila kuwasimanga hata siku moja.

Kisha ukaitwa Antaktika, kusini kabisa mwa dunia, kuchukua mawe kwenye kilele ambacho wachache wamewahi kukikanyaga. Ulipomwonyesha mama picha, aliuliza, "Huko wanalima nini?"

Ukacheka. "Hawalimi, mama. Hata jani halioti."

Uliporudi tulitaka kujua kama ulifika juu. "Sikufika," ulijibu. "Hali haikuruhusu." Jumapili ukavaa lile koti zito la huko barafuni kanisani kwa sababu watoto waliliomba, jasho likikutiririka, na habari za kilele zikaishia hapo.

Msibani ndipo Fredrick, mtafiti mwenzako aliyetoka Moshi kuja kukuzika, alipoomba kusema. Alisema kilele kilikuwa mbele yenu, mnakiona, ndipo pumzi zikamkatika yeye mwenyewe. Kiongozi wenu akataka alazwe hemani, wengine mmalizie, mje kumchukua mkirudi. Wewe ukafungua kamba iliyokuunganisha na wenzako, ukajifunga na mgonjwa.

"Huyu hawezi kusubiri," ukamwambia kiongozi. "Nyie nendeni. Mimi nashuka naye."

Ukamshusha kwenye upepo mkali, ukimsemesha njia nzima asisinzie, mpaka ukamfikisha kwa daktari kambini. Fredrick alisema ule mlima uliuota tangu chuoni, na hukumlaumu hata kwa jicho.

Fredrick alikaa chini akilia. Mama yako, ambaye tangu asubuhi alikuwa amelala mkekani, akajiinua, akakaza kanga kiunoni, akawatazama waombolezaji wote.

"Mmesikia? Huyo nilimzaa mimi."

Mwanetu, tunatembea kifua mbele kwa sababu yako. Unakumbukwa na baba yako Arcade, mama yako Donatille, wadogo zako Silvester na Joséline, na Fredrick, ambaye sasa ni mtoto wa nyumba hii. Maadamu tuko hai, jina lako halitatoka midomoni mwetu.