Mikono ya Kushoto

Mwalimu,

Swali ambalo nimeshindana nalo tangu nilipoanza kazi ya udhibiti ubora wa shule ni hili: mtoto asiyejua, tumfiche ili asiaibike, au tumfichue ili afundishwe? Ulipokuwa hai sikuwahi kukuuliza, kwa sababu niliamini kwamba wewe ulikwisha kulijibu. Sasa ni mwaka wa pili umelala Lulindi, pembeni ya mikorosho ya kaka yako, na mimi nimeona jibu lako limefanywa nini. Nakuandikia nikiwa na kinyaa. Nilitaka barua yangu ya kwanza kwako iwe na maneno laini kuliko haya, lakini sinayo.

Mkeo, Mama Neema, hajambo. Anachemsha ming'oko, vile viazi vya porini, katika sufuria ileile iliyobonyea, na nikipita hunifungia mingine kwenye mfuko hata nikikataa. Redio yako huiwasha saa ya taarifa ya habari, kisha huenda zake jikoni. Anasema anakosa mtu wa kubishana nayo.

Shule yako huko juu, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Kitangari, imepakwa rangi. Kile chumba kisichoezekwa, tulimokuwa tukikalia matofali, sasa kina bati na kinaitwa maabara. Kina sinki na mabomba ambayo hayajawahi kutoa tone la maji. Wanafunzi bado hufika asubuhi na kidumu mkononi kama tulivyokuwa tukifika sisi. Nilipofungua bomba mojawapo, alitoka buibui.

Lakini sikuandika kwa sababu ya mabomba.

Unakumbuka nilivyokuja kwako Kidato cha Kwanza? Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, nyumbani tukiongea Kimakonde, na ghafla hesabu ikawa ya Kiingereza. Uliponiita mbele siku ya kwanza nilisimama kama gogo, na darasa likanicheka. Mmoja alisema, "Zainabu kameza chaki!" Hukumkaripia. Kesho yake ulitupa sheria mpya: ukiuliza swali, wote tunyooshe mkono. Anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua wa kushoto. "Wa kushoto sitamwita mbele ya watu," ulisema, "lakini saa nane mchana tuonane kwenye matofali. Asiyekuja nitamfuata kwao, nimkute anakula mabibo."

Na kweli ulitufuata. Saa nane ulikuja na ming'oko ya Mama Neema ndani ya kitambaa, ukafundisha tena somo la asubuhi kwa Kiswahili, na pale tulipokwama ukamwomba Hamisi alieleze kwa Kimakonde, ingawa naye alikuwa wa kushoto kama mimi. Nilikuwa wa kushoto kwa mwaka mzima na zaidi. Siku niliyonyoosha mkono wa kulia kwa mara ya kwanza, ulinitazama, ukageukia ubao kana kwamba unatafuta chaki. Kisha ukasema, "Saa nane uje vilevile, Zainabu. Utanishikia madaftari."

Hamisi, Mwalimu, ndiye mkuu wa shule yako sasa. Ulifariki kabla hajateuliwa. Ungefurahi, nami nilifurahi.

Muhula uliopita tulifika pale kwa ukaguzi tukiwa watatu. Tulipokewa kwa shikamoo nyingi, maji ya kunawa na supu ya kuku asubuhi ile, wakati wanafunzi wanakula mlo mmoja tu kwa siku, na wengine hawaupati. Nikaingia Kidato cha Pili, somo la hisabati, na kiongozi wa msafara wetu. Mwalimu alikuwa kijana aliyeletwa kutoka mkoa wa mbali, shati limenyooka, andalio la somo mezani. Akauliza swali la kwanza.

Mikono yote ikapanda kwa pamoja.

Kiongozi wetu akatabasamu, akaandika katika fomu yake: ushiriki wa wanafunzi, mzuri sana. Mimi nilianza kuhesabu. Iliyokuwa juu ilikuwa mikono ya kushoto. Ya kulia niliiona mitano, na watoto hao watano ndio walioitwa mmoja baada ya mwingine, wakajibu sawasawa, wakapigiwa makofi. Kila swali lilipoulizwa, msitu ule wa mikono ya kushoto ulipanda na kushuka. Hakuna aliyeutazama isipokuwa mimi, ambaye niliwahi kuwa mmoja wao.

Mstari wa mbele aliketi msichana mdogo, sare imepauka, mkono wake wa kushoto umenyooka hata bega limeinuka. Kipindi kilipokwisha nikamwinamia, nikamuuliza kama alilijua lile swali la mwisho.

"Sijui, madamu," alisema bila kusita. "Lakini mkono nimeunyoosha vizuri."

Alikuwa anatarajia nimsifu.

Nikamfuata Hamisi ofisini, nikafunga mlango. Sitaficha kwamba nilipandisha sauti. Nilimuuliza saa nane wanakwenda wapi.

"Saa nane ipi, dada Zai? Walimu wa hesabu ninao wawili kwa shule nzima. Saa nane watoto wanateremka bondeni kuchota maji ya nyumba za walimu, la sivyo hata hao wawili watanikimbia."

Nikamwambia kwamba ameuza kitu cha Mwalimu.

"Nimeuza? Wewe ukija, unatazama mikono. Mimi nakupa mikono. Ungekuwa unatazama vichwa, ningehangaika na vichwa." Kisha akashusha sauti. "Nawe ulikuwa wa kushoto. Mwalimu hakukuanika mbele ya mtu. Usinianikie hawa."

Nikaufungua mlango, nikatoka. Nilijua kwamba kwa miaka nimejaza fomu zile katika shule nyingi, toka bonde la Lukuledi mpaka huku juu, na pale penye ushiriki nimeandika "mzuri" kila nilipoona mikono. Sikuwahi kutazama ni ipi. Kinyaa changu kilianza kwa Hamisi, lakini hakikuishia kwake. Kilikaa katika kalamu yangu.

Taarifa yangu niliiandika kweli tupu. Kiongozi wetu aliisoma, akavua miwani. "Bi Zainabu, hii habari ya mikono iondoe. Wakubwa huko juu hawasomi mambo ya mikono, wanasoma wastani." Nilikataa kutia saini mpaka habari hiyo ilipoachwa ibaki. Nilijiona shujaa, Mwalimu. Naona haya kuandika neno hilo, lakini ndivyo nilivyojiona, nikirudi Masasi nyuma ya gari, vumbi likinipiga usoni.

Ukweli wangu ulizaa nini? Hamisi alipewa barua ya onyo. Yule kijana alihamishiwa shule nyingine, kwa maelezo kwamba alidanganya wakaguzi, na nafasi yake haijajazwa. Darasa la yule msichana limekaa muhula mzima bila mwalimu wa hisabati. Nilipopita juzi nilimkuta kiranja ananakili nukuu ubaoni kutoka katika daftari la kaka yake, na wenzake wananakili kutoka ubaoni, pamoja na makosa. Hakuna aliyeuliza swali, kwa hiyo hakuna mkono uliopanda, wa kulia wala wa kushoto. Bango la shule limeongezewa neno "ubora". Nilisimama mlangoni, na safari hii sikuwa na wa kumlaumu aliye karibu kuliko mimi.

Sasa nimeanza kwenda Jumamosi. Nakaa na wa kushoto katika maabara isiyo na maji, saa nane kamili, na ming'oko ya Mama Neema. Yule msichana, anaitwa Somoe, alikuja wa kwanza. Jumamosi iliyopita aligawanya sehemu kwa sehemu peke yake, akakosea, akafuta, akapata. Hamisi huja kusimama dirishani. Mara ya mwisho aliingia, akaketi nyuma, akaanza kueleza kwa Kimakonde pale nilipokwama. Hatujaombana radhi.

Lakini nakuuliza, Mwalimu, kwa heshima yote. Siku wakubwa watakapouliza habari za darasa lile, Hamisi ataweza kusema kwamba linafundishwa, kwa sababu mimi nalifundisha. Je, sijawa pazia jingine? Na wewe, ulipotufundisha kuinua mkono kwa tusichokijua, hukutufundisha pia namna ya kuficha? Nikisema ndiyo, namkana mtu aliyenifikisha chuo kikuu. Nikisema hapana, sielewi Hamisi alijifunzia wapi, kwani tulikaa tofali moja. Naweza kudhani kwamba tofauti yote ilikuwa ile saa nane, na kwamba mkono bila saa nane ni udanganyifu. Nimelishika wazo hilo kwa majuma kadhaa. Kisha namkumbuka kijana yule wa shati lililonyooka, ambaye pengine angeanza saa nane yake kama mtu angemwambia, na ambaye mimi nilimfukuzisha kabla sijamuuliza jina. Silijui jibu, na walioweza kunijibu ni wewe, uliyenyamaza, na Somoe, ambaye bado ni mdogo mno.

Lala salama, Mwalimu. Nakuahidi kwamba sitaandika tena "mzuri" kabla ya kutazama ni mkono gani, na kwamba Somoe hatanyoosha wa kushoto pasipo mtu wa kumfuata, hata kama ni mimi peke yangu na hata kama nakosea kwa kufanya hivyo.

Swali langu liko ubaoni. Nimenyoosha wa kushoto.

Mwanafunzi wako,
Zainabu