Zaituni Binti Nani

Jumanne, 2 Julai 1957. Mbeya

Baridi kali. Cherehani imegoma mpaka nilipoitia mafuta. Nimeshona kanzu moja na kaptura za wanafunzi. Bi Zaituni bado anakohoa. Amekataa uji. Ni mke mdogo wa marehemu baba, ndiye aliyenilea.

Jumatano, 3 Julai

Amefariki alfajiri. Wanawake waliomwosha walinipa uzi waliompimia urefu wake, nikakata sanda. Uzi nikautia mfukoni mwa koti.

Tumezika baada ya adhuhuri. Maalimu alipokaa kaburini kumsomea maiti talkini akageuka: "Zaituni binti nani? Nataka jina la mama." Maana maiti huitwa kwa jina la mama yake. Tukatazamana, wanaume wazima na kofia zetu. Hakuna aliyejua. Akasoma "binti Hawa", kama asomewavyo asiye na wa kumjua.

Ijumaa, 5 Julai

Hitima imekwisha. Watu wamekula pilau, wameondoka. Nina hasira, sijui na nani. Ametupikia miaka yote hiyo, kisha tumemzika kama mpita njia.

Jirani yetu Bi Mwajuma, aliyekuwa akiuza naye vitumbua, anasema kwao marehemu ni Nyololo. Huko aliitwa Yudita. Alipanda lori la chumvi la baba yangu, angali msichana, bila kuaga. Jumatatu nafunga duka, niende huko.

Jumatatu, 8 Julai. Nyololo

Basi, vumbi, kichwa kinauma. Mzee wa kanisa amenipa pa kulala. Anamkumbuka Yudita. Walikwisha kumlilia zamani, matanga na yote, kwani aliyepotea vile alihesabiwa amekufa. Kisha akasema mama yake yu hai.

Naogopa. Nilikuja kutafuta jina tu.

Jumanne, 9 Julai

Anaitwa Sekalinga. Haoni. Akaniamkia "kamwene", nikajibu kwa kubabaika, nikamwambia mwanawe amefariki.

"Mwanangu nilishamlilia," akasema. "Machozi ya pili sina."

Nikamweleza habari ya talkini.

"Huyo Hawa ni mama wa watu wote. Huyu mimi ndo nilizaa."

Kisha akauliza kama mwanawe alirefuka. Alipoondoka alikuwa akimfikia begani. Nikakumbuka uzi, nikautoa mfukoni. Nikamshikisha ncha moja, nikamwambia ndio urefu wake, nikarudi nyuma mpaka ukanyooka. Akainuka, akaukanyaga kwa mguu wake, akaupandisha kwa vidole ubavuni, kifuani, usoni. Ukamzidi kichwa.

"Kumbe alinipita," akasema, akacheka.

Mimi ndiye niliyelia. Uzi nimemwachia.

Ijumaa, 12 Julai. Mbeya

Nimepita makaburini kabla ya sala. Nyasi bado zina umande. Nimemwita Zaituni binti Sekalinga, mara moja, kwa sauti ya kawaida. Kisha nimefungua duka. Kanzu ya Maalimu haijatiwa vifungo.